Ujumbe Unapofika: Mwongozo wa Kuitambua na Kuijibu Chuki Dhidi ya Wayahudi

Kundi la WhatsApp la ukoo wetu lina watu wapatao sitini, na kwa kadiri ninavyojua hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kula meza moja na Myahudi. Hata hivyo, haupiti mwezi bila Wayahudi kutajwa humo. Mara ni ujumbe wa sauti unaoeleza kwamba bei ya mafuta hupangwa na familia kumi na tatu zilizojificha Ulaya. Mara ni picha ya noti ya dola iliyochorwa mishale myekundu kuonyesha jicho na piramidi. Mara ni somo la ujasiriamali lenye kichwa cha "siri saba za utajiri wa Kiyahudi". Wanaotuma si watu wabaya. Ni mashangazi, wajomba, wazee wa kanisa na wa msikiti, watu waliotulea na ambao wangekuwa wa kwanza kumpokea Myahudi na kumkirimu endapo angebisha hodi mlangoni. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyemo katika kundi la namna hiyo, ambaye anahisi kuwa kuna jambo haliko sawa katika ujumbe aliopokea, lakini hajui aanzie wapi wala amjibu vipi aliyemzidi umri.

Hatua ya kwanza: Tenganisha majina

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huanzia katika majina manne ambayo mazungumzo yetu huyachanganya. Myahudi ni mtu wa jamii au dini ya Kiyahudi, popote anapoishi, awe mshika dini au la. Mwisraeli ni raia wa dola la Israel lililoundwa mwaka 1948, na takriban raia mmoja kati ya watano wa dola hilo ni Mwarabu, wengi wao wakiwa Waislamu. Mzayuni ni mfuasi wa mwelekeo wa kisiasa uliofanya mkutano wake mkuu wa kwanza mjini Basel, Uswisi, mwaka 1897, ukidai Wayahudi wawe na makao yao ya kitaifa. Wapo Wayahudi wasiokuwa Wazayuni, na wapo Wakristo wengi walio Wazayuni. Wana wa Israeli, au Bani Israili, ni watu wa Vitabu, wa enzi za Musa na Daudi. Ukisikiliza taarifa ya habari kwa masikio ya Vitabu, utamchukulia waziri wa leo kama mfalme wa kale, na mwenye duka wa Paris kama mmoja wa watu waliosimama mbele ya Pilato.

Inafaa pia kujua idadi. Wayahudi wote duniani wanazidi kidogo milioni 15, yaani takriban watu wawili katika kila elfu moja, na zaidi ya nusu yao huishi nje ya Israel. Baadhi yao ni majirani zetu. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, ipo jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyeisoma Biblia mwenyewe akaamua kufuata sheria za Musa. Idi Amin aliwapiga marufuku kuabudu, wengi wakabadili dini kwa hofu, na waliobaki wakasali kwa siri mpaka alipoanguka mwaka 1979. Nairobi nako lipo sinagogi katikati ya jiji, na jamii yake imekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuhusu jina la chuki yenyewe, Wazungu wengi hutumia neno "antisemitism", lililoenezwa na Mjerumani Wilhelm Marr mwaka 1879, lenye maana ya kupinga "Wasemiti". Marr alikuwa mwenyewe mchukiaji wa Wayahudi, na alitaka chuki yake isikike kama elimu ya mbari badala ya ushabiki wa dini. Kwa sababu Kiarabu nacho ni lugha ya Kisemiti, utawasikia watu wakidai kwamba Mwarabu hawezi kuwa na chuki hiyo, kwa kuwa naye ni Msemiti. Huo ni mchezo wa maneno tu, kwani tangu siku ya kwanza neno hilo liliwalenga Wayahudi peke yao. Kiswahili kinatuepusha na mtego huo: tunasema chuki dhidi ya Wayahudi, na kila mtu anaelewa.

Hatua ya pili: Zijue hadithi za kale, kwa sababu mpya ni hizo hizo

Ubaguzi mwingi humdharau anayebaguliwa: humwita mjinga, mvivu, mchafu. Chuki dhidi ya Wayahudi nayo hufanya hivyo mara nyingine, lakini ina sifa yake ya pekee, kwamba humfanya Myahudi kuwa na uwezo usio wa kawaida. Yeye ndiye mkono uliojificha nyuma ya pazia. Hii ndiyo sababu inawafikia hata watu ambao hawajapata kumwona Myahudi: haihitaji umjue, inahitaji tu uwe na tatizo usiloweza kulieleza.

Tauni ilipoingia Ulaya mwaka 1347, watu walikufa bila kujua sababu, na uvumi ukaenea kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Papa Clement wa Sita aliandika kukanusha, akieleza jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuliona, kwamba Wayahudi nao walikuwa wakifa kwa tauni hiyo hiyo. Haikusaidia. Mnamo tarehe 14 Februari 1349 Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto kwa mamia, kabla hata tauni yenyewe haijafika mjini humo. Wakati wa korona nilipoona ujumbe unaodai kwamba kirusi hicho kimetengenezwa na Wayahudi ili wauze chanjo, nilivikumbuka visima vile.

Hadithi ya fedha ina chanzo chake. Katika nchi nyingi za Ulaya ya zama za kati Wayahudi walikatazwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, huku Kanisa likiwakataza Wakristo kukopeshana kwa riba. Biashara ya mikopo ikawa miongoni mwa kazi chache zilizoachwa wazi kwao, na mfalme aliyekopa kwao akawatoza kodi nzito. Na deni lilipozidi, alikuwa na njia rahisi ya kulifuta, nayo ni kuwafukuza. Uingereza iliwafukuza wote mwaka 1290, Hispania mwaka 1492. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kusafiri mbali ili auelewe mtindo huu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, akiwaita wanyonyaji wa uchumi. Na Septemba ya mwaka huo huo alimpelekea simu ya maandishi Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, akisifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Mtu mmoja, majira yale yale, na lugha ile ile juu ya jamii mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote.

Hadithi ya damu inadai kwamba Wayahudi huua watoto wa Kikristo ili watumie damu yao katika ibada. Ilianzia Norwich, Uingereza, baada ya mtoto mmoja kukutwa ameuawa mwaka 1144, na haina ukweli hata chembe. Sheria ya Kiyahudi huikataza damu kiasi kwamba nyama hutiwa chumvi ili ikamuliwe damu kabla ya kupikwa. Lakini ningependa kusimama kwenye tukio moja la baadaye, kwa kuwa linafika mpaka kwetu.

Mapema mwaka 1903, mpakani mwa jimbo la Bessarabia lililokuwa chini ya Urusi, kijana mmoja wa Kikristo alikutwa ameuawa katika mji wa Dubossary. Gazeti la mtu aitwaye Pavel Krushevan likaandika tena na tena kwamba Wayahudi ndio waliomuua kwa ajili ya damu, ijapokuwa aliyemuua alikuwa jamaa yake mwenyewe. Aprili, siku za Pasaka, umati ukawavamia Wayahudi wa mji wa Kishinev, ambao leo ni mji mkuu wa Moldova. Watu 49 waliuawa, wanawake wakanajisiwa, nyumba kwa mamia zikaharibiwa. Miezi michache baadaye, katika gazeti lake jingine la St. Petersburg, Krushevan huyo huyo akawa wa kwanza kuchapisha andiko lililokuja kuitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, linalojifanya kumbukumbu za kikao cha siri cha Wayahudi wakipanga kuitawala dunia kwa kutumia benki, magazeti na vita.

Andiko hilo ni la kughushi, na ughushi wake ulithibitishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1921 mwandishi Philip Graves wa gazeti la The Times la London aliliweka kando ya kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, akaonyesha kwamba aya nzima nzima zilinakiliwa kutoka humo. Joly alikuwa akimkejeli Napoleon wa Tatu, na Wayahudi hawakuwa sehemu ya hoja yake hata kidogo. Mghushi alichukua maneno yaliyowekwa kinywani mwa dikteta wa Kifaransa akayahamishia kinywani mwa Wayahudi. Hata hivyo Henry Ford, mtengenezaji wa magari, alilieneza Marekani kupitia gazeti lake kabla ya kuomba radhi mwaka 1927, na Wanazi wa Hitler walilifundisha shuleni.

Na mauaji ya Kishinev ndiyo yaliyoupa uzito ule uitwao Mpango wa Uganda. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni fursa ya kuanzisha makazi Afrika Mashariki, na kiongozi wao, Theodor Herzl, akaufikisha mpango huo kwenye mkutano wa Basel Agosti 1903. Ardhi yenyewe haikuwa Uganda ya leo bali uwanda wa Uasin Gishu, Kenya. Wajumbe kutoka Urusi, wakiwamo wa Kishinev yenyewe, waliupinga vikali. Walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere waliupinga pia. Wanandi na Wamasai hawakuulizwa na mtu. Mwaka 1905 mkutano uliofuata ukaukataa. Leo habari hii huzunguka kwenye simu zetu ikiwa na kichwa cha "Wayahudi walitaka kuimeza Kenya". Aliyetoa ardhi isiyokuwa yake ni serikali ya kikoloni, na waliopewa walikuwa watu waliokimbia kuuawa, ambao mwishowe walikataa.

Hatua ya tatu: Upime ujumbe

Sasa chukua ujumbe wenyewe. Usiutazame ukali wa lugha yake, kwa sababu ujumbe wenye adabu unaweza kuwa na sumu na ujumbe wenye matusi unaweza kuwa hasira ya siku moja. Utazame umbo lake. Je, unawataja "Wayahudi" kama mtu mmoja mwenye nia moja? Je, kila ushahidi unaokosekana unahesabiwa kuwa ni uthibitisho wa jinsi walivyo hodari wa kuficha? Je, ukitoa neno "Wayahudi" na kuweka jina la kabila lako, sentensi ingekufanya uogope kwa ajili ya watoto wako?

Katika Afrika Mashariki swali jingine ni la lazima: je, Frimasoni wamo? Hofu ya Frimasoni ilipopamba moto Tanzania miaka kadhaa iliyopita, wengi waliipokea bila kujua kwamba kuunganisha Frimasoni na Wayahudi ni kazi ya waandishi wa Ulaya wa karne ya 19, na kwamba Itifaki zilizoghushiwa ndizo zilizoubeba muungano huo kuuzungusha dunia. Kwa taarifa tu, mtu aliyejulikana zaidi kwa kuongoza Frimasoni katika ukanda wetu, Sir Andy Chande, alikuwa Mtanzania wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa, wala hakuficha uanachama wake.

Usiusahau ujumbe wa sifa. Masomo ya "siri za Wayahudi", mahubiri yanayosema kwamba Mungu amewapa wao akili ya fedha, bendera za Israel zinazopepea kwenye mikutano ya maombi kama hirizi: yote haya hudhaniwa kuwa ni upendo. Mimi naona ni hadithi ile ile ya mkono uliojificha, safari hii ikiwa imevaa kanzu nyeupe. Wayahudi maskini wapo, wasiojua biashara wapo, na asiyekuwapo ni yule Myahudi wa semina. Anayeamini leo kwamba Wayahudi wanamiliki fedha za dunia kwa baraka, kesho akifilisika ataamini kwamba wanazimiliki kwa hila, na hatalazimika kubadili chochote isipokuwa neno moja.

Baada ya umbo, kagua asili. WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi; alama hiyo ina maana kwamba aliyekutumia hakuuandika na pengine hakuusikiliza mpaka mwisho. Picha unaweza kuitafuta kwa picha kwenye Google ili uone ilipoonekana kwanza. PesaCheck huchapisha uhakiki wa madai kwa Kiswahili pia. Nukuu zinazodaiwa kuwa za Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya sheria za Kiyahudi, zishuku zaidi ya zote, kwa kuwa zikifuatiliwa mara nyingi hukutwa zimekatwa katikati au hazipo kabisa.

Hatua ya nne: Israel na Palestina

Hapa ndipo wengi hukwama, na wengine hupaepuka kwa makusudi. Kuilaumu serikali ya Israel si chuki dhidi ya Wayahudi. Mtu anaweza kulaani mauaji ya makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza, ujenzi wa makazi ya walowezi Ukingo wa Magharibi na sera za Benjamin Netanyahu, kama vile anavyoweza kulaani serikali yoyote. Waisraeli wengi wenyewe hujaa barabarani kuipinga serikali yao. Wapo pia wanasiasa wanaoyatumia maneno "chuki dhidi ya Wayahudi" kama kofuli la kufungia midomo ya wanaowatetea Wapalestina, na kuyatumia hivyo kunayadhoofisha pale yanapohitajika. Wataalamu wenyewe hawakubaliani mpaka uwe wapi: ipo tafsiri ya mwaka 2016 ya shirika la kimataifa la kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi, inayotumiwa na serikali nyingi, na lipo Azimio la Jerusalem la mwaka 2021, lililoandikwa na wanazuoni walioona kuwa tafsiri ya kwanza inaugusa mno ukosoaji halali.

Kwa matumizi ya kila siku mimi hutumia kipimo kimoja. Penye neno "Wazayuni" weka "serikali ya Israel", usome tena. "Serikali ya Israel imeshambulia hospitali" ni sentensi ya habari; inaweza kuchunguzwa, ikathibitishwa au ikakanushwa. "Serikali ya Israel imekuwa ikiunyonya ulimwengu kwa miaka elfu mbili" ni sentensi isiyo na maana, na hapo unajua kwamba "Wazayuni" lilikuwa vazi tu la jina jingine. Mchanganyiko huu una historia iliyoandikwa: mkataba wa Hamas, kundi la Kipalestina, wa mwaka 1988, katika ibara yake ya 32, uliitaja Itifaki ile ya Krushevan kama ushahidi, ingawa waraka wao wa mwaka 2017 haukuirudia. Mpalestina aliyepoteza shamba lake ana madai yanayosimama yenyewe, wala hayahitaji andiko lililoghushiwa katika Urusi ya kifalme.

Dalili ya pili ni pale kisasi kinapoelekezwa kwa watu kwa sababu tu ni Wayahudi. Tarehe 9 Januari 2015 mtu mwenye silaha aliingia katika duka la vyakula vya Kiyahudi mjini Paris akawaua wanne. Mfanyakazi wa duka hilo, Lassana Bathily, Mwislamu kutoka Mali, aliwaficha wateja katika chumba cha baridi cha chini, akatoroka na kwenda kuwaeleza polisi ramani ya jengo. Pwani yetu nayo ina kaburi la namna hii. Novemba 28, 2002, hoteli iliyokuwa ikipokea watalii wa Kiisraeli huko Kikambala, karibu na Mombasa, ililipuliwa. Walikufa Waisraeli watatu, wawili wao watoto, na Wakenya kumi, baadhi yao wakiwa wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Na katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, miongoni mwa watu takriban 1,200 waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo.

Hatua ya tano: Mjibu mtu, usiijibu hadhara

Ukishaupima ujumbe na ukaona ni wa chuki, jizuie usimrukie mtumaji mbele ya watu sitini. Mkubwa akiaibishwa mbele ya watoto wake atautetea ujumbe ambao saa moja kabla hakuujali. Mfuate faraghani, kwa simu ukiweza, na uanze kwa swali. Mimi nilimpigia mjomba wangu aliyetuma ule ujumbe wa sauti, na mazungumzo yalikwenda hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, ule ujumbe wa familia kumi na tatu, aliyeusema ni nani? Sikusikia akijitaja."

"Aa, mimi nimetumiwa tu na rafiki yangu wa zamani wa bandarini. Lakini ni mambo ya kweli hayo."

"Inawezekana, mjomba. Nimeuliza kwa sababu nimeona maneno yale yale yalichapishwa Urusi mwaka 1903, bei ya mafuta ya gari ikiwa bado si tatizo la mtu. Aliyeyachapisha ni mtu mmoja, baada ya watu 49 kuuawa kwa ajili ya uongo wake mwingine. Naomba nikuletee kisa chake siku nikija, kama hutajali."

Alinyamaza kidogo, akaniuliza habari za watoto. Hakufuta ujumbe, wala hakukiri kitu. Majuma mawili baadaye aliniandikia: "Yule Mrusi uliyemsema, jina lake nani?"

Zingatia nilichoacha. Sikumwambia kwamba ana chuki, kwa kuwa hana. Alikuwa na wasiwasi wa bei. Sikumrundikia ushahidi, nilimpa kisa kimoja chenye mahali na mwaka. Na kundini niliandika baadaye sentensi mbili tu, bila kumtaja mtu, kwamba ujumbe ule ni wa kughushi na chanzo chake ni hiki. Sentensi hizo ni muhimu, kwa sababu vijana waliomo kundini husoma ukimya wa wakubwa kama idhini.

Kwa mtu wa dini, jibu kwa dini yake. Mkristo anayesoma "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu" katika Mathayo 27 kama hukumu juu ya Wayahudi wote anapaswa kujua kwamba mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka wazi kuwa mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Naye Yesu, mama yake na mitume wake walikuwa Wayahudi. Mwislamu mkumbushe hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Mtume kusimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi akauliza, "Kwani si nafsi?" Mkumbushe pia aya ya 113 ya Al-Imran, isemayo kuwa Watu wa Kitabu si sawa sawa wote. Hoja ya namna hii ikitoka kwa imamu au mchungaji wa mtaani ina uzito mara kumi ya yangu, kwa hiyo nenda ukamwombe aitaje siku moja katika hotuba au mahubiri.

Anayekanusha Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi milioni sita yaliyofanywa na Wanazi na washirika wao hadi mwaka 1945, hushughulikiwa tofauti kidogo. Usikubali kuingia katika ubishi wa idadi ya matanuri. Mwulize tu: Wayahudi zaidi ya milioni tatu waliokuwa Poland mwaka 1939 walikwenda wapi? Ripoti za vikosi vya Wanazi wenyewe, zilizohesabu waliopigwa risasi kijiji kwa kijiji, ziliwekwa mezani katika kesi za Nuremberg, walimohukumiwa viongozi wa Wanazi. Mnyarwanda ataujua mtindo huu haraka kuliko wengi wetu, maana amewasikia wanaokanusha yale ya 1994 wakitumia hesabu za namna hiyo hiyo. Mwalimu wa historia anayepanga ziara ya wanafunzi ajue kwamba Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali yana sehemu inayoeleza mauaji ya kimbari mengine, yakiwamo ya Wayahudi.

Hatua ya sita: Maneno yanapogeuka vitisho

Ujumbe unaotaja mahali na kuhimiza watu wakashambulie, uwe unalenga sinagogi, hoteli, shule au mtu, haujibiwi kwa mazungumzo. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Usiusambaze hata kwa nia ya kuonya. Uripoti ndani ya programu yenyewe, kisha polisi. Facebook imekataza ukanushaji wa Maangamizi tangu Oktoba 2020, hivyo unaporipoti chagua kipengele cha matamshi ya chuki, si cha habari za uongo. Kenya ina Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo chuki inayoikataza ni pamoja na ile ya mbari, utaifa na asili ya mtu, na tume yake hupokea malalamiko. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, yenye vifungu juu ya maudhui ya kibaguzi na matusi ya kibaguzi. Kwa maoni yangu sheria hizi zibaki kuwa za vitisho na uchochezi. Kumpeleka mjomba kituoni kwa ujumbe wa dola na piramidi kungemthibitishia kwamba mkono uliojificha upo.

Ukiwa msimamizi wa kundi, andika kanuni katika maelezo ya kundi kabla tatizo halijatokea, na uiandike kwa upana: hapatumwi ujumbe unaolaumu kabila, dini au taifa zima kwa jambo lolote. Kanuni inayowataja Wayahudi peke yao itazua maswali ya kwa nini hao tu, ilhali hii ya jumla itawalinda pia Wahindi, Waarabu, Wasomali na wale wa kabila la jirani ambao msimu wa uchaguzi huwageuza gumzo. Atakayeivunja mara ya kwanza mwandikie faraghani. Mara ya pili futa ujumbe wake na ueleze kundini kwa nini umefutwa, ukiweka chanzo cha kweli pale pale.